Sarafu za bibi ndani ya resini: zipi zigandishwe, zipi ziachwe

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameniletea swali hili: "Assalamu alaikum. Bibi yetu amefariki mwaka jana na ametuachia kijaluba chenye reale moja ya fedha, pesa mbili za shaba zenye mizani, senti kumi za tundu kumi na nne, na kijisarafu kimoja chembamba kisichosomeka, alichokiokota shambani upande wa Mtambwe tangu usichana wake. Tuko ndugu wanne. Mtoto wa kaka yangu hutengeneza vishikio vya funguo na sinia za resini kwa ajili ya wageni, na anataka kuzigandisha zote ndani ya vipande vinne vya resini safi ili kila mmoja wetu awe na kumbukumbu. Jee, ni jambo jema? Nami ninacho kipande kama hicho nilichokinunua mjini, kina reale ndani. Nitajuaje kama ni ya kweli?"

Wa alaikum salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yenu. Nitaanza na hukumu ili usisubiri: senti za tundu zigandisheni, tena mtapata kitu kizuri, reale na pesa za mizani msizigandishe kwa namna anayoikusudia kijana wenu, na hicho kijisarafu kisitiwe katika resini wala kisisuguliwe na mtu.

Resini, yaani ile plastiki ya maji inayogandishwa, ikishakuwa ngumu hairudi kuwa maji. Huko ndiko inakotofautiana na kijaluba, na mfuko wa kitambaa, na hata mkufu ambao sonara anaweza kuufungua na kuitoa sarafu. Mtu akishaifunika sarafu kwa resini amekwisha kuamua kwa niaba ya watoto na wajukuu, na kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kila sarafu ni kama ikiharibika au ikitakiwa siku moja kutoka, itapatikana nyingine ya kushika nafasi yake. Senti kumi za tundu zilipigwa kwa mamilioni kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Unguja na Pemba ziliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936, rupia ya Zanzibar ilipoondolewa kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia moja, na tangu hapo senti hizo zikajaa katika kila duka, hadi leo hazikosekani kwa wauzaji wa vitu vya kale. Reale ya bibi yenu, ingawa aina yake ni nyingi duniani, ni moja tu iliyopita mikononi mwake.

Naeleza kidogo juu ya reale, kwa sababu ndiyo itakayopoteza zaidi. Bila shaka ni ile yenye kichwa cha Malkia Maria Theresa wa Austria, iliyokuwa fedha ya biashara katika pwani yote hii, Arabuni na Uhabeshi. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na reale zake zikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780, kwanza katika nchi zake mwenyewe na baadaye hata Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham, kwa kuwa wafanyabiashara hawakutaka sura nyingine. Kwa hivyo tarehe iliyoandikwa haimwambii mtu kitu. Anayetaka kujua reale yake ilipigwa wapi na lini hutazama mambo madogo: manyoya ya mkia wa tai, lulu za bruchi iliyo begani mwa malkia, na hasa ukingo wa sarafu, ambako pameandikwa kwa Kilatini maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yakitenganishwa na mapambo madogo. Kisha huipima: reale iliyo sawa ina gramu 28 na nukta kidogo, na katika kila sehemu elfu za madini yake, sehemu 833 ni fedha. Kisha huidondosha juu ya meza ya mbao akaisikiliza. Wazee wetu waliokuwa wakizihesabu reale kwa kuzigonganisha hawakuwa wakicheza. Sikio ndilo lililokuwa mizani yao ya pili.

Sasa itie reale hiyo ndani ya resini. Ukingo hauonekani sawasawa, uzito haupimiki, sauti imekufa. Hata ukubwa wake unadanganya, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka katika resini, na sarafu iliyozama milimita 15 huonekana kana kwamba imezama milimita 10 hivi. Kama uso wa kipande umebinuka kama tumbo la yai, sarafu huonekana pana kuliko ilivyo. Ndiyo maana wakusanyaji wa sarafu, wakiletewa kipande cha namna hii, hukihesabu kuwa ni pambo, na hukilipia bei ya pambo. Mimi siwalaumu.

Pesa za mizani ni kisa kingine. Hizo ni za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Nyingi zina tarehe 1299 Hijria, inayolingana takriban na 1882 Miladia, na neno lenyewe pesa tumelipata kutoka India pamoja na rupia. Ni shaba, na shaba iliyokaa miaka mia na zaidi katika hewa ya bahari imekunywa chumvi. Ukiona ndani ya herufi zake unga wa kijani kibichi unaopukutika, tofauti na rangi ya kahawia au kijani kigumu kilichotulia, ujue chumvi hiyo bado inafanya kazi: inahitaji unyevu kidogo tu ili iendelee kuila shaba. Watu hudhani kwamba resini itauzuia ugonjwa huo kwa kuizibia hewa, lakini unyevu uliokwisha kuingia ndani ya vitundu vya shaba unafungiwa humo pamoja na chumvi, na resini yenyewe hupitisha mvuke pole pole kwa miaka. Nimeviona vipande ambavyo pesa iliyokuwa ya kahawia siku ya kwanza imezungukwa na duara la kijani, na hapana aliyeweza kuifikia. Zaidi ya hayo, epoksi, aina moja ya resini, aghalabu huwa ngumu kwa kuchanganywa na dawa ya jamii ya amini, na amini ambayo haikupata mwenza wake katika mchanganyiko hushikana na shaba na kuacha doa la buluu au kijani. Kosa dogo la kipimo, ambalo juu ya sinia lingeonekana kama kunata tu, juu ya shaba linakuwa rangi.

Usije ukadhani kwamba dawa ni kuzing'arisha kwanza. Najua desturi yetu ya kusugua shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu, na kwa sinia na birika ni desturi njema. Kwa sarafu ni hasara tupu, kwa sababu asidi hula ngozi ya juu pamoja na ncha za herufi, na ile rangi ya uzee, ambayo mnunuzi huilipia na mwanachuoni huitumia kama ushahidi, haitengenezeki tena.

Tuje kwenye kazi yenyewe ya senti za tundu, nayo naomba umsomee kijana wenu, kwa sababu kutengeneza kishikio cha funguo chenye kombe ndani si sawa na kugandisha chuma kizito.

Ajue kwanza anatumia resini gani. Ile yenye harufu kali inayopanda kichwani, ambayo hutiwa matone machache ya dawa, kiasi cha asilimia 1 au 2, ni poliesta. Ni rahisi, lakini husinyaa kwa asilimia 5 hadi 8 inapoganda, na kwa sababu sarafu haisinyai, resini huvutika na kuachana nayo. Epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa kwa vipimo vinavyokaribiana, husinyaa kidogo sana, na ndiyo ninayoipendelea kwa kazi hii. Vile vipande vya kiwandani vinavyong'aa kama maji, vilivyoenea sana Marekani katika karne iliyopita, hadi wakatengeneza viti vya choo vilivyojaa sarafu (sijui nani aliona haja hiyo), kwa kawaida ni vya akriliki iliyopikwa kwa joto na mgandamizo ndani ya mtungi maalumu, na hilo asijaribu nyumbani.

Pili ni majira. Epoksi haipendi unyevu: ikigandia katika hewa ya masika, uso wake hutoka na utando mweupe unaoteleza kama nta, na tabaka la pili halishiki vizuri juu yake. Wala haipendi joto la kaskazi, kwa kuwa takriban kila digrii 10 zinazoongezeka hupunguza nusu ya muda wa kufanyia kazi. Epoksi ambayo maelekezo yake yanasema dakika 40 katika nchi ya baridi, hapa mwezi wa Januari itakuganda mkononi kabla hujamaliza kuondoa mapovu. Asubuhi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo saa yake. Kama hawezi kusubiri, afunge madirisha, awashe kiyoyozi saa kadhaa kabla, na asimimine siku ya mvua.

Senti zenyewe aziloweke katika maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyotiwa asidi, ayabadilishe kila siku kwa siku chache, kisha azikaushe na azipitishe katika asitoni safi ya kuondolea mafuta. Asitoni safi haidhuru shaba. Ile ya kufutia rangi ya kucha ina mafuta na manukato, kwa hiyo haifai. Baada ya hapo zisishikwe kwa vidole vitupu, kwani alama ya kidole chenye jasho itaonekana ndani ya resini baada ya miezi kama muhuri.

Kipimo cha makopo mawili akifuate kama kilivyoandikwa, na atofautishe kipimo cha ujazo na kipimo cha uzito, maana vimiminika hivyo viwili havilingani uzito na makosa mengi huanzia hapo. Akoroge pole pole kwa dakika tatu au nne akikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha amimine yote katika kikombe kipya na akoroge tena, ili ile iliyobaki ukutani bila kuchanganyika isiingie katika kazi. Achanganye kidogo kidogo. Resini inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi ndani ya kikombe kimoja joto hilo halina pa kutokea. Nimekiona kikombe kikitoa moshi na kuyeyuka mezani, na wakati huo joto limekwisha kupita digrii 100.

Mahali penye fitina ni lile tundu la katikati na zile herufi. Hewa hujificha humo, na ukimimina tu, baada ya nusu saa utaona kipovu kimepanda kutoka tunduni na kukwama juu ya maandishi. Kwa hivyo kila senti ipakwe kwanza resini nyembamba kwa brashi ndogo pande zote mbili, tundu lijazwe kwa ncha ya kijiti, kisha iachwe. Wakati huo tabaka la kwanza la milimita 5 au 6 limiminwe katika kalibu ya silikoni na lisubiriwe mpaka liwe zito kama asali ya nyuki, linalokubali kubeba sarafu bila kuimeza. Hapo senti ilazwe kwa kuiinamisha, ukingo mmoja kwanza, kama mtu anavyoingiza barua chini ya mlango, ili hewa isukumwe nje. Tabaka la pili lifuate kabla la kwanza halijakauka kabisa. Likichelewa, utaonekana mstari ubavuni mwa kipande, na watu watauona kabla ya kuiona sarafu.

Kipande kisiwe kinene kupita haja. Resini hutanuka na kunywea kwa joto mara tatu au nne zaidi ya shaba, na kipande kinachoachwa dirishani, kikichomwa na jua mchana na kupoa usiku, huanza kuachana na sarafu. Dalili yake ni mng'ao kama zebaki unaotambaa juu ya sarafu. Wengine hudhani ni fedha inajitokeza, kumbe ni hewa. Jua pia huigeuza epoksi kuwa manjano, hata ile iliyoandikwa kwamba haigeuki; tofauti ni ya muda tu. Kwa hiyo kipande kiwekwe rafuni, mbali na dirisha.

Wiki moja ipite kabla ya kukisugua. Msasa utumike pamoja na maji, kuanzia namba 400 hadi 2000, si kwa ajili ya mng'ao tu, bali kwa sababu vumbi la resini si la kuvutwa. Na glavu zivaliwe tangu kopo la kwanza linapofunguliwa. Epoksi mbichi inaweza kuufundisha mwili mzio, na mzio huo ukishaingia hauna desturi ya kuondoka. Kijana anayeishi kwa kazi hii akiupata amepoteza riziki yake.

Senti kumi na nne kwa ndugu wanne ni tatu kwa kila mmoja, na mbili zinabaki. Hizo mbili zibaki nje, ziwe za watoto kuzishika. Wala asijifunzie juu ya za bibi. Anunue washa za shaba katika duka la vifaa vya ujenzi, ambazo nazo zina tundu, akosee juu ya hizo.

Kwa reale na pesa za mizani nina pendekezo ambalo natumaini litamridhisha naye, kwa kuwa ni fundi. Atengeneze kipande cha resini chenye kitundu cha duara katikati, kwa kugandisha duara la silikoni lenye ukubwa wa kidonge cha akriliki, yaani vile vikasha vidogo vya mviringo vya kuhifadhia sarafu moja moja, kisha alitoe. Sarafu ikae ndani ya kikasha, kikasha kikae ndani ya kitundu, na kifuniko cha akriliki kifungwe kwa skrubu nne. Kwa macho ni kitu kilekile. Siku mkihitaji kuipima au kuigawa, mnafungua. Vikasha viwe vya akriliki, visiwe vya ile plastiki laini yenye harufu ya mapazia ya bafuni, kwani hiyo hutoa mafuta ya kijani yanayong'ang'ania shaba na fedha. Fedha itapata weusi kidogo kwa kadiri ya miaka, nao hauidhuru.

Ama kipande ulichokinunua mjini, unaweza kukichunguza bila kukivunja, lakini usitegemee uhakika. Kipime uzito kwa mizani ya sonara, kisha kizamishe katika maji upate ujazo wake. Chukua mfano wa kipande chenye ujazo wa sentimita za ujazo 50. Reale ya kweli huchukua ujazo wa 2.75 hivi, kwa hiyo resini ni 47.25, na sentimita moja ya ujazo ya resini ina uzito wa kati ya gramu 1.15 na 1.20. Resini hiyo basi ina gramu 54 hadi 57, na ukiongeza reale jumla iwe kati ya 82 na 85. Reale ya bandia ya shaba nyeupe au njano yenye umbo lilelile ingekuwa na gramu 23 na kitu, na jumla ingekuwa 78 hadi 80. Unaona kwamba pengo lipo, lakini ni jembamba, na povu moja kubwa au sarafu ya bandia iliyotiwa risasi linaweza kulifuta. Kisha chukua lenzi uutazame ukingo kupitia ubavuni: kama hauna maandishi, au una mstari wa maungio unaouzunguka, ile ni ya kumiminwa katika kalibu, si ya kupigwa.

Kama utasisitiza kuitoa, mpelekee sonara mwenye subira akate resini kwa msumeno mpaka ibaki milimita mbili tatu kila upande, kisha aitie katika maji yanayochemka. Epoksi nyingi hulegea kuanzia digrii 60 hivi na huchunika kama ganda. Akriliki hulegea kwa joto la juu zaidi, kupita maji yanayochemka, na ikiwa ndiyo, bora uiache ilivyo. Dawa kali za kuyeyushia plastiki zina mvuke wa sumu, usizikaribishe nyumbani.

Nimekiacha kijisarafu cha Mtambwe mwisho kwa makusudi. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, hapo hapo kwenu magharibi ya Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, zilizofichwa karibu miaka elfu iliyopita. Hizo za fedha ni ndogo na nyembamba, zina majina ya watawala wa pwani hii, na maandishi ya upande mmoja huwa na kina kimoja na maandishi ya upande wa pili, kama beti. Sisemi kwamba ya bibi yenu ni miongoni mwake. Kwa maelezo ya barua mtu hawezi kusema. Lakini sarafu ya namna hiyo husomwa kwa kugeuzwa chini ya mwanga wa upande, herufi moja baada ya moja, na thamani yake kubwa ni kujua ilitoka wapi. Kwa hiyo, kabla hamjafanya lolote, mwenye umri mkubwa kati yenu aandike kwenye karatasi kile anachokikumbuka katika maneno ya bibi: shamba la nani, karibu na mti gani au kisima gani, lilikuwa likilimwa nini, na kama palikuwa na vigae. Kitieni kijisarafu katika bahasha ya karatasi pamoja na maandishi hayo, bila kukiosha, mkipeleke kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale katika ngome ya Chake Chake, wakione.